Nguo ya Mkia

Swali ni lile lile kila mara. Mgeni anaingia hangani, anaizunguka ndege, anagusa bawa palepale palipoandikwa usiguse, kisha anauliza, "Lakini hii ni yenyewe? Yenyewe kabisa, ile iliyopigana?" Mimi swali hilo hunikera. Ningekuwa ndiye wa kulijibu, wageni wangepungua. Bahati nzuri wa kujibu ni Mama Mkubwa, na yeye anapenda kuulizwa.

"Kaa nikwambie," husema, akimsogezea mgeni stuli. "Injini ilitoka kwa mwenzake aliyeanguka. Bawa la kushoto ni la Fundi Mkuu, mabati yake hayajafika hata umri wa mwanangu huyu. Kiti kipya, maana cha zamani kililiwa na panya. Kioo si chake. Mwili ni wake, miguu ni yake, na ile harufu ukichungulia ndani ni yake. Sasa na mimi nikuulize. Bibi yako ana meno yake yote?"

Mgeni anacheka. "Hana hata moja."

"Na bado ni bibi yako?"

Mgeni anaizunguka tena ndege, safari hii mikono iko mfukoni.

Mama Mkubwa ni mshonaji. Watu wakisikia kuna mwanamke anashona ndege ya kivita, hudhani anashona viti. Mwili wa ndege hii ni bati tupu, lililopigiliwa ribiti juu ya ribiti, lakini usukani wa mkia, lile bapa la wima linalokwenda kushoto na kulia kuigeuza ndege, ni fremu nyembamba iliyovalishwa kitambaa cha kitani. Walioiunda walitaka uwe mwepesi kwenye mguu wa rubani. Kitambaa kinashonwa mfano wa foronya, kinavalishwa fremu, halafu kinafungwa kwenye mbavu zake kwa uzi wenye nta, fundo baada ya fundo. Juu ya mafundo hubandikwa utepe, juu ya utepe hupakwa ile dawa ya kukazia yenye harufu ya kupanda kichwani, na kitambaa kinajivuta mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia. "Ukiona vyaelea, vimeundwa," Mama Mkubwa huwaambia wageni. "Na ukiona vinaruka, vimeshonwa."

Ni mfupi, mpana wa mabega, na sindano yake huichomeka kwenye ukosi wa blauzi, kwa hiyo ukimkumbatia bila hadhari umeyataka mwenyewe. Hakati uzi kwa meno. Hashoni akiwa na njaa wala akiwa na hasira, jambo ambalo mimi lingeniachisha kazi kabisa. Na hakuna anayegusa kitambaa chake bila kunawa. Nimewaona mafundi wa injini, watu wazima wenye oili mpaka kwenye viwiko, wamepanga foleni kwenye beseni kama watoto wanaosubiri kula, kisa wanataka kumsaidia kuubeba usukani kutoka meza moja kwenda nyingine. Akikagua viganja na kuona weusi kwenye kucha, anakurudisha. Hapandishi sauti. Anasema tu, "Bado, baba," na wewe unarudi kwenye beseni.

Ndiye dada mkubwa wa mama yangu, tumbo moja, na ndiye aliyenilea. Kazi hii waliianza wawili. Walikuwa na kibanda cha kushona maturubai na magodoro si mbali na uwanja wa ndege. Siku moja akaja kijana mmoja wa hangani amekumbatia gunia la kitambaa kikuukuu, akauliza kama kuna mtu anaweza kushona kama hivi, kwa mkono, bila cherehani. Kijana huyo ndiye leo Fundi Mkuu. Sisi tunamwita Polepole, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila jambo, hata ukimwambia chai inapoa. Mama Mkubwa alikigeuzageuza kile kitambaa, akasema hawezi. Mama yangu, bila hata kunyanyuka alipokaa, akasema, "Tunaweza. Lete." Nasikia mama alikuwa na mdomo. Nilikoupata wangu ndiko huko.

Kufunga kitambaa kwenye mbavu ni kazi ya watu wawili. Usukani unasimamishwa kwenye viguzo vya mbao, mmoja anakaa upande huu, mwingine upande ule, na kitambaa katikati, hawaonani. Huyu anaingiza sindano ndefu, yule anaipokea, anazungusha uzi kwenye ubavu, anairudisha, na wa upande huu anafunga fundo. Siku nzima unapeana sindano na mtu usiyemwona. Mnasengenya watu kupitia kitambaa. Mafundo alikuwa akifunga mama yangu, maana vidole vyake vilikuwa vyepesi zaidi, ingawa alitumia mkono wa kushoto na mafundo yake yalilala kinyume na ya watu wengine.

Walikuwa katikati ya usukani wa ndege hii uchungu ulipomshika. Uchungu wangu mimi. Polepole aliwapeleka hospitali kwa pikapu ya hangani. Mimi nikatoka, mama hakurudi. Baba yangu alikuwa dereva wa masafa marefu na aliendelea na masafa. Baada ya mazishi Mama Mkubwa alinibeba mgongoni akarudi hangani kumaliza kazi iliyobaki, peke yake, akizunguka huku kuingiza sindano na kule kuirudisha. Nikilala alinilaza kwenye sanduku la mbao lililoletewa gurudumu. Hivi ninavyozungumza bado lipo, tunawekea vitambaa vya kufutia oili, na mafundi wapya huonyeshwa kana kwamba ni kitanda cha mfalme.

Kwa hiyo mimi na ile nguo ya mkia tulikuwa na umri mmoja. Na ndiyo kitu pekee cha mama kilichobaki duniani. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Nguo zake ziligawiwa. Picha ni moja, na ndani yake amegeuka kumjibu mtu. Maturubai aliyoshona yalichanika kwenye malori ya watu, magodoro yakalaliwa yakaisha. Lakini ndege ilirushwa miaka michache tu, injini ikafa, vipuri havikupatikana, ikasukumwa kwenye kona ya hanga karibu na dirisha na kukaa. Hivyo nguo yake ikasalimika. Nilipokuwa mdogo nikichokozwa shuleni kuwa sina mama, nilikwenda kuugusa mkia wa ndege. Nilikuwa nanawa kwanza, bila shaka.

Halafu injini ikapatikana.

Mwenye ndege ni rubani mstaafu, mrefu, mpole, anayeinama hata kwenye milango mirefu. Alitumia maisha yake yote kurusha ndege kubwa za abiria, na muda wote huo alikuwa akiiwaza hii ya kiti kimoja. Alitaka airushe kabla magoti hayajamkatalia. Mafundi walihangaika nayo mpaka ikawaka, na siku ilipowaka hanga lote lilitetemeka na Polepole akalia waziwazi mbele za watu. Ikabaki kukaguliwa kipande kwa kipande.

Wakati huohuo alikuja mtaalamu wa ndege za kale. Huzunguka nchi na nchi kuangalia zilizosalia, na kuandika ipi ina nini cha asili na ipi imevaa vya kuazima. Mtu mwenyewe hakuwa na maringo. Alitambaa chini ya ndege na suruali yake nzuri, akatoka na buibui kichwani, amefurahi. Alipoufikia mkia alisimama muda mrefu.

"Hiki kitambaa," alisema. "Ziko chache sana zilizobaki na kitambaa cha zamani hivi mwilini. Ni cha vitani?"

Mama Mkubwa angeweza kunyamaza. Dakika hiyo mimi nilitamani anyamaze. "Si cha vitani, baba," akasema. "Kile tulikivua wenyewe. Hiki alikishona mdogo wangu, na mimi, hapa hapa."

Mtaalamu alimtazama, akautazama tena mkia. "Kwangu mimi hicho nacho ni cha asili," akasema taratibu. "Kina historia yake. Ningekuwa na uwezo, ningewaomba msikiguse. Isimame hivyohivyo ilivyo, isiruke."

Rubani alishika kidevu. Alikuwa anamheshimu Mama Mkubwa kiasi cha kuogopa kumuumiza, nikamwona anatafuta maneno na hayapati. Mama Mkubwa akamwokoa. "Tukipime," akasema. "Kikifaulu, kinakaa mkiani na ndege inaruka. Kikishindwa, kinatoka. Ndege hii imezaliwa ya kubadilishwa nguo. Haijapata kuambiwa izeeke na nguo moja."

Kipimo chenyewe ni kijibomba kama kalamu nene, kina springi ndani na ncha butu mbele. Unakibonyeza kwenye kitambaa, na pembeni kuna kijiti kinachotembea juu ya rangi: nyekundu, njano, kijani. Kikifika kijani na kitambaa kimevumilia, kitambaa kizima. Kikitoboka kabla, basi tena. Mwenye kupima na kutia sahihi ni Mama Mkubwa. Kwa hiyo elewa vizuri jambo lililokuwa mezani: kilichobaki cha mama yangu kilikuwa chini ya kidole gumba cha dada yake, na kidole hicho kingeweza kusukuma sana au kusukuma kidogo, na hakuna mtu mwingine hangani ambaye angejua tofauti.

Nilikwenda nikiwa na matumaini, sifichi. Nilisimama karibu yake kabisa. Polepole naye akasogea, akaweka kiganja chake, kilichonawa, kwenye sehemu ya chini ya usukani ambako kivuli cha mwili wa ndege huangukia. "Mama, pima hapa," akasema. "Hapa ni pazuri."

Mama Mkubwa alivuta stuli, akapanda, mkono wake mmoja begani kwangu, mpaka akafika juu kabisa, upande uliotazama dirisha miaka yote ile. Rangi ilikuwa imepauka pale.

"Hapo pamechomwa na jua, Mama," Polepole akasema. "Si haki kupima hapo."

"Na upepo nao huko juu utachagua kivulini?"

Akabonyeza. Nilikitazama kile kijiti. Kilitoka kwenye nyekundu, kikagusa njano, na mimi nikaanza kumwomba Mungu kwa jina la kila mtakatifu na kila nabii bila kubagua. Kisha nikasikia sauti ndogo, kama mtu amevunja kijiti cha kiberiti, na ncha ya kipimo ikawa ndani ya kitambaa. Mama Mkubwa aliitoa, akaifuta kwenye aproni, akabonyeza tena kiganja kimoja pembeni, kwa haki. Ikaingia tena.

"Haifai," akasema, akashuka. "Nipeni kalamu nitie sahihi."

Nilitoka nje. Nyuma ya hanga kuna mapipa ya mafuta, nikasimama hapo nikalia kwa hasira, kilio kibaya cha makamasi. Akanifuata, na mimi kwa kuwa ni mimi sikungoja hata afike.

"Ungesukuma taratibu."

"Ningesukuma taratibu, halafu?"

"Kingepita."

"Kingepita. Halafu rubani apande nacho, kipasuke yuko juu, mguu wake unakanyaga na mkia hausikii. Mchelea mwana kulia, hulia yeye."

"Rubani ni mtu mzima. Si mwana wa mtu."

"Kila mtu ni mwana wa mtu," Mama Mkubwa akasema. Alisema kwa upole, na hapo ndipo nilipoona kwamba macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu. Alikuwa amelia ndani, mbele ya watu wote wale, na hakuna aliyemwona.

Lakini mimi ni mtu wa kununa, na nikinuna nanuna na nusu. Kesho yake sikwenda hangani. Nilibaki nyumbani, kwenye chumba chetu cha mbele chenye cherehani mbili, nikashona sare za shule kwa kasi ya kukomoa. Majirani walikuwa na maoni, kama kawaida yao. Mmoja alipita dirishani akaniuliza kwani kitambaa kikuukuu kinaniliza nini, si waweke kipya tu, kipya kinyemi. Nilimwambia amalizie mwenyewe hiyo methali, ingawa kidonda, akaenda zake.

Mama Mkubwa aliondoka asubuhi na kikapu chake. Chakula chake cha mchana alikiacha juu ya meza. Alisahau, au alijifanya amesahau. Ninamfahamu mwanamke yule. Nilikitazama kile chombo mpaka saa sita, nikajisemea mwache ashinde njaa, mwishoni nikakibeba.

Kwa kawaida nguo ya zamani huvuliwa kwa wembe. Unapasua kandokando ya ubavu, unachana, unatupa, na saa chache tu fremu iko uchi. Nilipoingia nilimkuta ameuegesha usukani kwenye viguzo, amekaa upande mmoja, ameshika kindoano kidogo cha waya alichojikunjia mwenyewe. Alikuwa ameubandua utepe na sasa anafungua mafundo. Moja moja. Vidole vyake siku hizi vinavimba kwenye viungo, kila baada ya muda anavizamisha kwenye kikombe cha maji ya moto kilichokuwa miguuni pake. Mafundi wa injini walipita nyuma yake kwa kunyata.

"Si umesema haifai," nikasema. "Sasa wembe una kosa gani?"

"Umenawa?"

Nilikwenda kunawa. Niliporudi alikuwa ameniwekea stuli upande wake, si upande wa pili. Nilikaa. Akanionyesha jinsi ya kuingiza kindoano chini ya uzi bila kuchana kitani, nikachana kidogo palepale, akanigonga kidole. Tukafanya kazi bila kusema, na hasira yangu ikaanza kukosa pa kukaa. Yale mafundo nilikuwa sijayaona maishani. Miaka yote nilikuwa nikigusa utepe na rangi. Sasa yalikuwa wazi, madogo, sawasawa, yote yamelala upande mmoja kama watu waliogeukia ukutani.

"Yamelala kushoto," nikasema.

"Ndiye huyo."

Niliyafungua polepole kuliko hata Polepole. Kila fundo nililolifungua lilikuwa limefungwa na mama yangu mimi nikiwa ndani yake, na hilo lilikuwa geni kwangu, kwamba tulikuwa wote kazini. Niliuonea wivu uzi. Cheka ukitaka.

Tuliendelea hivyo siku hiyo na zilizofuata. Nikawa nashona sare asubuhi na kwenda hangani mchana. Ubavu baada ya ubavu, tukishuka kutoka juu. Nilijua, bila kuambiwa, kwamba tunakwenda kufika mahali ambapo mafundo yatageuka na kulala kulia, na kila siku nilitamani tusifike.

Tulifika adhuhuri moja, mafundi wamekwenda kula. Mama Mkubwa alikuwa mbele yangu kidogo, akaacha kufungua. Akaondoa mkono.

"Hapa," akasema.

Niliangalia. Juu, mafundo ya kushoto. Chini, mafundo ya kulia, makubwa kidogo, ya mtu aliyekuwa akizunguka peke yake na mtoto mgongoni. Na katikati palikuwa na mishono miwili ya kulia iliyokaribiana sana, imekazwa kupita kiasi, na ndani yake, katikati ya hiyo miwili, kitanzi cha uzi. Kilikuwa fundo la mkono wa kushoto lililozungushwa likaachwa. Halikuvutwa.

"Aliniambia, 'Dada, ngoja,'" Mama Mkubwa akasema. "Nilikuwa upande ule. Nikangoja anirudishie sindano. Nikasema, 'Wewe, vipi?' Nikasikia stuli inaanguka." Alichovya vidole kwenye maji, ingawa yalikuwa yamepoa. "Niliporudi baada ya msiba nikalikuta hivyo. Nilikaa siku nzima. Kulikaza nilishindwa. Ningelikaza, ningekuwa nimemaliza mimi. Na kulikata nikashindwa. Nikaweka mshono huku na mshono kule, karibu karibu, ilibebe. Nikamwita Polepole aangalie kama ni salama, maana nisingeficha jambo kama hilo. Akalikagua kwa macho na kwa vidole. Akasema ni salama, akabandika utepe mwenyewe kwa mkono wake, na hakuna kati yetu aliyelitaja tena mpaka leo."

Ndipo nikaelewa kiganja cha Polepole pale kivulini. Nikaelewa pia ni nini alichokuwa amekibonyeza Mama Mkubwa kwa kidole gumba siku ile, palipochomwa zaidi na jua, huku akijua kilicho chini ya utepe. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu saa ile. Na mimi nilikuwa nimemnunia mpaka nikataka ashinde njaa.

Nilitia kidole changu cha shahada kwenye kile kitanzi. Kilinitosha.

"Livute," akasema.

"Nikilivuta litafunguka."

"Najua. Kitambaa lazima kitoke, mwanangu. Sitaki kulifungua mimi."

Nikalivuta. Mafundo mengine yote tulikuwa tukiyapigania kwa kindoano, nta imeshikana, vidole vinauma. Lile lilifunguka lenyewe, likaniachia uzi kidoleni. Mama Mkubwa aliinuka kwenda kubadilisha maji ya kikombe, na alikaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

Kitambaa kilitoka kizima, kama foronya. Sasa kinaning'inia kwenye ukuta wa hanga, kimenyooshwa ndani ya kioo, na mtaalamu ndiye aliyeandika kibao chake. Mama Mkubwa alimsimamia. Alikataa katakata kiandikwe kwa namna ya kumfanya mtu adhani ni cha vitani, kwa hiyo kibao kinasema kilishonwa hapa, kwa mkono, na dada wawili. Ndege nayo ilikuja kuruka, ikazunguka juu ya uwanja, rubani akashuka, akamwendea Mama Mkubwa kabla hajamwendea hata mkewe. "Mkia umetulia," akamwambia. Mama Mkubwa akamjibu, "Ungechezacheza ningekusikia mpaka hapa." Tangu siku hiyo wageni wameongezeka, na swali ni lile lile. Lakini hayo ni ya baadaye, nimeruka mbele kwa furaha. Kabla ya kuruka ilibidi ivikwe.

Kitani kipya kilipokuja tulikishona foronya nyumbani, kwenye chumba cha mbele, majirani wakipanga foleni ya kuchungulia. Tukakipeleka, tukakivalisha fremu. Ikawa sasa kufunga mbavu, na ni kazi ya watu wawili. Mama Mkubwa akachukua upande wake wa zamani, ule wa kupokea. Upande wa mafundo ukabaki na stuli tupu. Nilitafuta nani atakaa, nikadhani atamwita mmoja wa mafundi.

"Unangoja barua?" akasema kupitia kitambaa.

Nikakaa. Mkono wa mama sikuurithi, mafundo yangu yanalala kulia kama ya kila mtu, na ya kwanza yalikuwa mabaya kiasi kwamba aliniamuru niyarudie bila hata kuyaona, kwa kusikia tu uzi unavyopita. Baadaye yakakubali. Sindano ikaenda, ikarudi. Tukawasengenya majirani wote, kisha tukaanza na mafundi. Nilijua sasa utamu wa kuongea siku nzima na mtu usiyemwona.

Tulishuka ubavu kwa ubavu mpaka ghafla akanyamaza. Sikuhitaji kuambiwa tumefika wapi. Fremu ni ileile ya siku zote, na ubavu ule una kovu dogo la ribiti ambalo nilikuwa nimelikariri. Nilisubiri. Sindano haikuja. Nilisikia anapumua upande wa pili wa kitani.

"Mama Mkubwa," nikasema. "Nipo."

Ncha ya sindano ikatokeza. Niliivuta, nikazungusha uzi, nikatengeneza kitanzi, na mkono wangu ukasita hapohapo.

"Kaza," akasema.

Nikakaza.